Kabini ya Mamamkwe

Lori lenyewe tulikuwa tukiliita Mamamkwe, kwa sababu halikuwahi kuridhika na mtu. Ukilipa betri mpya, linataka tairi. Ukilipa tairi, linatoa moshi. Na wiki ile ninayoisimulia lilikuwa limeamua kutokwa na machozi.

Nieleze, maana si kila mtu amezeeka katikati ya malori kama mimi. Lori la jeshi la aina ile injini yake imejificha chini ya kabini, pale pale chini ya makalio ya dereva. Ukitaka kuifikia huna boneti ya kufungua. Unainua kabini nzima, inalala mbele kama mtu anayeokota sindano. Kinachoinyanyua ni silinda ya chuma, nene kama mguu wa meza, inayosukumwa na mafuta. Pembeni kuna pampu ya mkono yenye mpini. Unapiga mpini, mafuta yanakimbilia kwenye silinda, silinda inarefuka, kabini inapanda. Mara sitini mpaka juu, nimehesabu mwenyewe. Ndani ya silinda kuna mipira ya duara inayozuia mafuta yasitoroke, mafundi wanaiita sili. Sili zikichoka, mafuta yanatoka shingoni mwa silinda, na kabini inaanza kurudi chini taratibu bila kuaga. Ole wake aliyesahau kichwa chake mle ndani.

Mimi si fundi. Mimi ni dobi wa karakana. Huu mwaka wa kumi na tisa nafua ovaroli na matambara ya mafundi kwenye beseni langu, kona ya nyuma, karibu na bomba. Wote wananiita Shangazi, kuanzia kuruti hadi Kapteni, ingawa shangazi wa kweli ni wa mtu mmoja tu pale: Koplo wa kike, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu akiwa na meno mawili. Alipokuwa mdogo alifungua kitasa cha mlango wangu, akameza nati. Tulingoja siku mbili ndipo tukaipata. Tangu hapo jina lake ni Nati, na hata jeshini likamfuata. Sijui nani aliwaambia. Nadhani ni mimi.

Sasa, Sajini mkuu wa karakana alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na Nati ndiye aliyefuata kwa cheo na kwa mikono. Lakini Sajini aliandika barua kwa wakubwa akishauri binti apelekwe bohari akahesabu mablanketi, kwa kuwa karakana, alisema, inataka kifua. Kifua! Nati anabeba gurudumu la akiba peke yake. Sajini, kitu kizito zaidi nilichowahi kumwona akibeba ni kikombe, tena akikibeba anaguna. Wakubwa wakajibu kwamba watamleta Mkaguzi. Alhamisi, saa nne asubuhi, kabini ya Mamamkwe inyanyuliwe, ikae juu saa nzima bila chuma cha kuikingia na bila tone kudondoka. Ikikaa, karakana ni ya Nati. Ikivuja, mablanketi.

Bohari wakampa sili seti tatu, wakamwambia nyingine zitakuja zikija.

Jumatatu Nati alifungua silinda, akatoa sili za zamani zilizokuwa ngumu kama kucha zangu za miguu, akaweka mpya, akajaza mafuta, akapiga mpini. Kabini ikapanda kama malkia. Akanikonyeza kutoka kule juu ya bampa.

"Shangazi, umeona?"

"Nimeona. Shuka kabla hujaanguka ukanipa kazi ya kufua damu."

Jumanne asubuhi kulikuwa na kidimbwi chini ya Mamamkwe ukubwa wa sahani.

Nati akapiga magoti. Akafungua tena. Sili za jana, mpya za kutoka kwenye karatasi, zilikuwa zimevimba na kulegea. Akadhani amezikata wakati wa kuziingiza. Akasugua silinda kwa kitambaa laini, akapitisha ukucha ndani kutafuta mkwaruzo, hakuuona. Akaweka seti ya pili, akaipaka mafuta kwa kidole kimoja kama anayempaka mtoto mchanga. Akajaza, akapiga mpini, ikapanda, ikakaa. Tukaenda nyumbani. Nilimpikia, hakula. Alikaa mezani akizungusha sili moja kuukuu kwenye kidole kama pete ya ndoa iliyovunjika.

"Kesho itakuwa kavu," nikamwambia.

"Usiniambie kesho, Shangazi. Kesho ndiyo inayovuja."

Na kweli Jumatano ikavuja, tena zaidi. Sajini akaja na kikombe chake, akainama, akatazama kidimbwi kama mtu anayejitazama kwenye kioo na kupendezwa.

"Koplo," akasema, "mablanketi hayavuji."

"Ndiyo, Afande."

"Blanketi ukilikunja, linakaa lilivyokunjwa."

"Ndiyo, Afande."

Mimi kule kwenye beseni nikapiga ovaroli lake kwenye jiwe mara mbili zaidi ya lilivyostahili. Vifungo vitatu vikaruka. Nilivitafuta kwa jicho moja tu.

Nati alipobaki peke yake alirusha spana ukutani. Spana ikagonga ukuta, ikarudi, ikamgonga mguuni. Akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akashika mguu, akacheka kicheko kibaya, kile ambacho kikiguswa kidogo tu kinageuka kilio. Sikumgusa. Nilimpelekea tambara safi.

"Wewe unajua kosa liko wapi?" akaniuliza.

"Ningejua ningekuwa nafua matambara?"

"Silinda ni nzima. Hozi ni nzima. Sili ni saizi yake, nimepima mara nne. Mimi ndiye mbovu, Shangazi. Labda yule mzee anasema kweli."

"Yule mzee hajasema kweli tangu alipoapishwa. Simama."

Alisimama, akaweka seti ya tatu, ya mwisho. Nilipokuwa nakusanya matambara chini ya lori niliona rangi ya kijani ya chasisi, pale matone yalipoangukia, imejikunja kama utando wa maziwa. Nikamwonyesha. Akasema lori lina miaka mingi kuliko yeye, rangi ina haki ya kuchoka. Nikaendelea kukusanya matambara. Nilifika darasa la nne tu, na darasa la nne hatukufundishwa rangi.

Jioni ile ile Mkaguzi akawasili. Meja mwembamba, mpole, mwenye gari dogo la kijani na dereva wake. Dereva akalalamika kwamba pedali ya breki inazama kidogo, na kwa kuwa kesho wangeteremka ule mlima wenye kona, fundi wa breki akalishughulikia. Fundi huyo tunamwita Polepole, na hata jina linamzidi kasi. Akamwaga mafuta ya zamani, akajaza mengine, akafunga. Nilimwona. Kumbuka kwamba nilimwona.

Alhamisi saa mbili asubuhi nikaloweka matambara ya Mamamkwe. Hapa ndipo nilipoanza kuona mambo. Tambara la mafuta nalijua. Maji yanalikimbia, mafuta yanaelea juu kama macho ya samaki, na bila sabuni ya kipande na dua hayatoki. Matambara yale niliyatia kwenye maji matupu, sabuni bado iko mfukoni mwa aproni, nikayakamua mara moja, yakatoka safi. Nikakamua jingine. Safi. Miaka kumi na tisa sijawahi kupewa zawadi kama ile, na mtu wa rika langu akipewa zawadi asiyoitarajia anaangalia nyuma.

Mafuta yasiyoogopa maji si mafuta ya kunyanyulia kabini. Hayo ni mafuta ya breki, yale yanayobambua hata rangi. Nayajua, kwa sababu ovaroli za Polepole ndizo rahisi kufua kuliko zote.

Nikainua macho kwenye rafu iliyo juu ya beseni langu.

Sasa nieleze rafu. Pale kuna madumu mawili ya lita tano, mapacha, ya manjano, yasiyo na maandishi. La kushoto ni la breki, la kulia ni la silinda na majeki. Hayakuandikwa kwa sababu Sajini alikataza tangu anaanza kazi. Msemo wake ulikuwa: "Kalamu inafutika, mahali hapafutiki." Kila fundi aliyeingia pale alifundishwa siku ya kwanza, kushoto breki, kulia jeki, na kila mmoja akawa ananyoosha mkono bila kutazama, kama unavyotafuta swichi ya taa chumbani kwako. Rangi ya mafuta yenyewe, yote mawili kama chai hafifu. Harufu, usiniambie harufu. Karakana nzima inanuka dizeli, pua za pale zilistaafu kabla ya Sajini.

Na Jumamosi iliyopita, nilipokuwa peke yangu nikisafisha, nikitafuta nafasi ya boksi langu la sabuni, niliyashusha madumu yote mawili, nikafuta vumbi, nikayarudisha.

Nikachovya kijiti kwenye dumu la kulia, nikadondosha tone kwenye maji safi. Likapotea. Nikachovya kwenye la kushoto. Likaelea, likanitazama.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wanaosema hivyo hawakufikiria kwamba kinaweza kuwa ni dobi.

Nitasema nilichofanya, hata kama hakinipendezi. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikayabadilisha yale madumu, kila moja mahali pake. Nikajifuta mikono. Nikajiambia, haya, limekwisha, hakuna aliyeona, sasa ni kumwambia mtoto amwage yaliyomo, aoshe, ajaze upya, bila kueleza sana. Sajini alikuwa ananitafutia sababu ya kunitoa mle ndani miaka mingapi? Angeipata imefungwa utepe.

Nikamkuta Nati kwenye magoti, akimulika tochi shingoni mwa silinda. Tone moja lilikuwa limeshaanza kujikusanya.

"Nati. Mwaga mafuta yote. Osha ndani, jaza mengine."

"Nini?"

"Mafuta hayo ni mabaya."

"Shangazi, nimejaza mara tatu kutoka dumu lile lile linalotumiwa na karakana nzima."

"Mimi nakwambia."

"Kwa nini ni mabaya?"

"Matambara yamenionyesha," nikasema.

Akazima tochi. Macho yake yalikuwa mekundu, hakulala. "Nimebakiwa na saa moja na nusu," akasema polepole, "na wewe unaniletea ndoto za matambara. Nakuheshimu, Shangazi. Lakini leo usinifundishe kazi. Tafadhali. Nenda kafue."

Nilistahili. Nusu ya ukweli ni kama nusu ya suruali, huwezi kutoka nayo nje. Nikaenda kufua.

Saa nne kamili walikuja wote. Mkaguzi na jalada lake, Sajini na kikombe chake, mafundi wamejipanga nyuma. Nati akapiga mpini mara sitini. Kabini ikapanda, ikainama mbele. Akaondoa chuma cha kukingia, akasimama kando, mikono nyuma, kidevu juu. Hakuna aliyeruhusiwa kusogea chini yake.

Dakika tano, kavu. Dakika nane, kavu. Nikaanza kuomba uongo uwe kweli. Dakika ya kumi na moja tone likaanguka. Paa. Kisha jingine. Kisha yakaanza kufuatana kama watoto wanaotoka darasani, na kabini ikashuka vidole viwili kwa mlio mdogo, kama mzee anayekaa.

Sajini akakohoa kile kikohozi chake cha kusema "nilisema mimi".

Mkaguzi akaandika, akafunga jalada. "Pole, Koplo," akasema, na alimaanisha, hilo ndilo lililouma. Kisha akamgeukia dereva wake. "Twende, tuwahi kabla ya mvua kule mlimani. Breki zikoje?"

"Safi kabisa, Afande. Jana wameweka mafuta mapya."

Nilikuwa nimeshika ovaroli lililolowa maji. Nikamwona tena kichwani Polepole wa jana, mkono wake ukinyooka kwenye rafu bila kutazama. Kushoto. Kwenye kushoto ya jana. Mafuta ya jeki kwenye breki za gari linaloteremka mlima wenye kona saba. Mipira ya breki nayo ni mipira, inavimba hivyo hivyo ikilishwa chakula kisicho chake.

"Msiwashe hilo gari!" nikapiga kelele. Ovaroli likaniangukia miguuni. "Nati! Mnyang'anye funguo!"

Na huyu mtoto, ambaye asubuhi ile ile alinifukuza, ambaye nimemzika mbele ya macho ya watu, hakuuliza kwa nini. Alipiga hatua tatu akachomoa funguo mkononi mwa dereva kabla hajafumba mdomo.

"Koplo!" Sajini akafoka. "Una wazimu? Hilo ni gari la Afande Meja!"

"Shangazi," Nati akasema bila kumtazama, "sema. Yote."

Nikasema yote. Boksi la sabuni, vumbi, madumu, Jumamosi. Nikasema hata kwamba asubuhi niliyabadilisha tena nikanyamaza. Hilo lilitoka kwa shida kuliko mengine. Kisha nikabeba beseni langu mpaka katikati ya karakana, maji safi. Nati akakinga tone la Mamamkwe kwa kidole, akaligusisha kwenye maji. Likapotea. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki cha gari la Mkaguzi, akachovya waya. Tone likaelea.

Nilidhani atanipigia kelele. Badala yake akageuka kwa mafundi, na sauti yake sikuwahi kuisikia nyumbani.

"Polepole. Magari yote uliyoyagusa breki au klachi tangu Jumatatu. Mangapi?"

"Manne… matano. Na la Afande."

"Yaliyotoka ni mangapi?"

"Mawili. Moja liko getini, jingine limekwenda kisimani kuchota maji."

"Redio. Yasimame yalipo, yavutwe kwa kamba. Funguo zote mezani. Hakuna gari linalotoka hapa leo mpaka nimelifungua mwenyewe."

Wakakimbia. Hata Polepole alikimbia, naapa, nilimwona.

Sajini alikuwa ametoa kalamu. "Huyu mama atolewe getini sasa hivi. Nilisema siku nyingi raia hawafai humu."

Mkaguzi alikuwa bado anatazama tone linaloelea. "Sajini, madumu haya hayana maandishi kwa nini?"

"Ni utaratibu wetu, Afande. Kila mtu anajua mahali pake."

"Nani aliuanzisha?"

Kikombe cha Sajini kikasimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia, kidogo, kama unavyomhurumia mbu.

"Koplo," Mkaguzi akasema, "hukuwa na ruhusa ya kuchukua funguo zangu."

"Ndiyo, Afande."

"Ulijuaje kwamba kuna hatari?"

"Sikujua, Afande. Shangazi hapigi kelele bure. Kelele zake nyingine zote ni za utani, nazijua."

Mkaguzi akaandika muda mrefu. Alisema kabini imeshindwa na itabaki imeshindwa kwenye karatasi, hilo hawezi kulifuta. Atarudi sili zikifika. Siku ile akalala tena pale kambini kwetu, kwa kuwa breki zake zilikuwa vipande vipande mezani kwa Nati.

Sili zilichukua siku kumi na tatu. Siku kumi na tatu hizo Nati alilala kwangu, alikula kwangu, na alizungumza nami kama mtu anayezungumza na benki. Nilijaribu utani, ukaanguka. Nilijaribu kupika, akasema asante. Asante! Mtoto niliyengoja nati yake siku mbili! Siku ya nne nikachoka, nikamwambia, "Nitukane basi, tumalize." Akaweka kijiko chini.

"Haikuniuma kwamba uliyabadilisha, Shangazi. Mtu yeyote angeyabadilisha. Iliniuma kwamba ulikuja ukaniambia nusu, ukaniacha nikasimame mbele ya watu nikijiona mjinga. Siku tatu nilikuwa nafikiri ni mikono yangu."

Nikaondoa sahani, nikaziosha bila mzaha.

Getini sikutolewa; adhabu yangu alinipangia Nati mwenyewe. Beseni langu likahamishwa nje, hatua arobaini kutoka kwenye rafu yoyote, chini ya jua. Na nikapewa brashi na rangi nyeupe, niandike kila dumu, kila kopo, kila chupa mle ndani. Mwandiko wa darasa la nne ni mkubwa na hauna aibu, unasomeka kutoka getini. BREKI. JEKI. INJINI. Nilipomaliza rangi ilibaki kidogo, basi nikaandika na kikombe cha Sajini: CHAI TU. Aliondoka nacho siku ya kustaafu, na nasikia anakitumia.

Siku ya kumi na nne Mkaguzi akarudi. Nati alikuwa ameosha silinda, hozi na pampu kwa spiriti mara tatu, akavipuliza upepo mpaka vikalia filimbi. Mpini mara sitini. Kabini ikapanda, ikainama. Nilikuwa nje kwenye beseni langu, hatua arobaini, nikinyoosha shingo kama bata. Saa nzima. Nilifua soksi moja ile ile saa nzima.

Kisha nikamwona Mkaguzi akimpa mkono, na mafundi wakapiga makofi, na Nati akatoka kuja kwangu. Hakukimbia. Akanionyesha kiganja alichokipitisha shingoni mwa silinda: kikavu, hakina hata alama.

"Karakana ni yako?" nikauliza.

"Miezi sita ya majaribio."

"Na mablanketi?"

"Yatajihesabu."

Halafu akachukua upindo wa aproni yangu, akaufutia kile kiganja kisicho na kitu, taratibu, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa na meno mawili.

"Fua," akasema. "Kwa sabuni."